Misitu Iliyorudi, Reli Zilizoachwa: Historia ya Baiskeli za Mapukutiko New England

Kila mwaka, kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba hadi katikati ya Oktoba, milima ya Vermont na New Hampshire, katika eneo la New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, hubadilika rangi. Kijani hutoweka kwanza vileleni, kisha wekundu, manjano na rangi ya chungwa huteremka mabondeni siku baada ya siku. Huo ndio wakati ambapo waendesha baiskeli kutoka miji mikubwa, na wengine kutoka ng'ambo ya bahari, humiminika katika barabara za changarawe na njia za reli za zamani, wakipita kwenye madaraja ya mbao yenye mapaa na vijiji vyenye makanisa meupe, bila haraka yoyote. Mgeni anayeiona starehe hii kwa mara ya kwanza hudhani ni zawadi ya maumbile: msitu ulikuwepo tangu azali, barabara ikafuata mto, na baiskeli ikaongezwa tu. Historia inasema vingine. Sehemu kubwa ya msitu huo ina umri mdogo kuliko reli zilizopita ndani yake. Barabara zilipiganiwa katika mabaraza ya kutunga sheria. Na karibu kila kiungo cha starehe hiyo kilianza kama kazi ya mtu, kikaachwa, kisha kikaokotwa na watu wenye nafasi ya kupumzika.

Hadithi inaanza na shoka. Kwa karne nyingi Waabenaki, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliishi mabondeni, wakilima mahindi kando ya mito na kuwinda katika misitu ya milimani. Vita vya Waingereza na Wafaransa vilipokwisha mwaka 1763, walowezi kutoka Connecticut na Massachusetts walipanda kaskazini kwa wingi. Walifyeka ili wapate mashamba. Miti waliichoma, na majivu yake wakayauza kama potashi kwa watengenezaji wa sabuni na nguo. Kisha wakaja kondoo. Mwaka 1811 William Jarvis, aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Lisbon, alihamia Weathersfield, Vermont, akiwa na kundi la kondoo wa merino, mbegu ya Hispania yenye sufu laini. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vikichipuka kando ya mito ya New England viliililia sufu hiyo, na ushuru wa forodha ukailinda dhidi ya sufu ya ng'ambo. Kufikia mwaka 1840 Vermont ilikuwa na kondoo wapatao milioni 1.7 na watu wasiofika 300,000. Vilima vilinyolewa hadi vileleni. Mtazamaji wa Oktoba ya mwaka huo asingepata majani mengi ya kustaajabia. Angeona nyasi zilizotafunwa, na kuta ndefu za mawe zilizopangwa kwa mikono kugawa malisho.

Hata hivyo, wakati kondoo wakiongezeka, watu walikwisha kuanza kuondoka. Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa ambacho leo ni sehemu ya Indonesia, ulilipuka kwa namna ambayo historia iliyoandikwa haina mfano wake. Salfa na vumbi vilitanda katika anga la dunia, na mwaka uliofuata majira ya joto hayakufika katika nchi za kaskazini. Juni 1816 theluji ilianguka Vermont. Baridi ikarejea tena baadaye, mahindi yakafa shambani, na familia nyingi zikafunga mizigo kuelekea magharibi mwa New York na Ohio. Miongoni mwao alikuwamo mvulana aitwaye Joseph Smith, ambaye baadaye angeanzisha kanisa la Wamormoni. Ng'ambo ya Atlantiki njaa hiyohiyo iliwapata Wajerumani, na lishe ya farasi ikawa ghali. Tarehe 12 Juni 1817 Karl Drais, ofisa wa misitu wa Baden, alitoka Mannheim akiwa amekalia chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali, akijisukuma kwa nyayo. Alikwenda na kurudi kama kilomita 14. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba Drais alitafuta mbadala wa farasi kwa sababu ya Tambora. Wengine huona ushahidi ni mwembamba. Kwa maoni yangu hoja hiyo inapendeza kuliko inavyothibitika. La yakini ni kwamba babu wa baiskeli alizaliwa katika miaka ileile ambayo vilima vya Vermont vilianza kupoteza watu.

Upotevu huo uliongezeka kwa sababu zisizo na volkano. Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, uliunganisha mto Hudson na Maziwa Makuu ya Marekani, na ngano ya bei rahisi kutoka magharibi ikaanza kuteremka pwani. Mwaka 1846 ushuru wa sufu ulipunguzwa. Reli zilipofika Vermont mwishoni mwa muongo huo, wakulima walitumaini zingewapelekea mazao yao sokoni. Zikawapeleka wao wenyewe. Vijana wa kiume walikwenda kwenye ardhi tambarare isiyo na mawe, na vijana wa kike kwenye viwanda vya nguo. Mashamba ya mlimani yalibaki bila wa kuyalima. Mwaka 1864 George Perkins Marsh, mzaliwa wa Woodstock, Vermont, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Italia, alichapisha kitabu chake *Man and Nature*, akionya kwamba ufyekaji hukausha chemchemi, huleta mafuriko na huharibu udongo. Alikuwa ameona mambo hayo utotoni, nyuma ya nyumba ya baba yake. Kitabu kilitoka wakati wilaya yake ilikuwa imeanza kuponywa na umaskini: palipoachwa malisho, misonobari iliota.

Katika miaka hiyohiyo watu wa mijini walikuwa wakifundishwa kutazama. Jambo hili halikujileta. Kwa mkulima, mapukutiko yalimaanisha kuvuna, kuchinja, kupasua kuni na kuogopa majira ya baridi. Uzuri wa majani haukuwa katika orodha ya kazi. Mwaka 1836 mchoraji Thomas Cole aliandika insha juu ya mandhari ya Marekani, akidai kwamba msimu huu ndipo nchi yake inapoipita Ulaya. Mwaka 1860 mchoraji mwingine, Jasper Cropsey, akiishi London, alimaliza mchoro mkubwa wa bonde la Hudson katika rangi za mapukutiko. Waingereza hawakuamini kwamba miti inaweza kuwaka hivyo, na inasimuliwa kwamba mchoraji alilazimika kuonyesha majani halisi kando ya mchoro. Oktoba 1862, miezi michache baada ya kifo cha mwandishi Henry David Thoreau, jarida la *Atlantic Monthly* lilichapisha insha yake juu ya rangi za msimu, ambamo mti mmojammoja ulipewa sifa zake.

Waingereza hawakuwa wajinga kutoamini. Miti mingi ya kwao hugeuka manjano na kahawia, kwa kuwa klorofili inapovunjika hufichua karotenoidi zilizokuwamo ndani ya jani muda wote. Wekundu ni jambo jingine. Mti wa maple hutengeneza anthosianini upya siku zake za mwisho, kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani, na huitengeneza kwa wingi pale mchana unapokuwa na jua kali na usiku unapokuwa wa baridi isiyofikia kuganda. New England ina maple nyingi na ina siku za namna hiyo. Kwa hiyo wachoraji hawakutia chumvi. Walichofanya ni kuugeuza ukweli wa mimea kuwa sababu ya kusafiri.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidhani kwamba mambo haya yalipita mbali naye. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa wageni wa kawaida bandarini Unguja. Zilileta kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya New England, kile ambacho babu zetu walikiita merikani na ambacho kilipanda bara hadi Tabora na Ujiji kama fedha. Zilirudi na sandarusi na pembe za ndovu. Pembe hizo, zilizoshushwa Bagamoyo juu ya mabega ya wapagazi, wengine wakiwa watumwa, ziliishia katika bonde la mto Connecticut, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, ambako zilipasuliwa kuwa vitana na vibao vya piano. Leo vijiji hivyo viwili vimo katika wilaya inayopendwa na waendesha baiskeli wa Oktoba. Nyumba kubwa za mbao zinazopendezesha barabara za huko zilijengwa na fedha ya ndovu. Mabango machache yaliyopo hueleza habari hiyo kwa ufupi wa kutosha kutomharibia mtu matembezi.

Katika jimbo hilohilo la Connecticut ndipo baiskeli yenye pedali iliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Pierre Lallement, fundi Mfaransa aliyekuwa ametengeneza magari ya watoto, alivuka bahari mwaka 1865 akiwa na vipande vya velosipedi, kama baiskeli hiyo ilivyoitwa, katika mizigo yake, akapata kazi kiwandani Ansonia, akaiunga mashine hiyo na kuiendesha mbele ya macho ya watu wa New Haven. Tarehe 20 Novemba 1866 alipewa hataza. Hakupata utajiri wowote. Alirudi kwao akaikuta Paris imeshikwa na homa ya velosipedi za fundi Pierre Michaux, na hadi leo wataalamu hubishana ni nani kati yao aliyetangulia kufunga pedali kwenye gurudumu la mbele. Tarehe 7 Novemba 1869, barabara zikiwa na tope la msimu, Wafaransa walishindana kutoka Paris hadi Rouen, kilomita 123. Mwingereza James Moore alishinda baada ya saa zaidi ya 10. Lallement alifia Boston mwaka 1891, hohehahe. Njia ya baiskeli inayokatiza mtaa wa kusini magharibi wa mji huo imepewa jina lake, karne moja baada ya kufa kwake.

Velosipedi ya chuma na mbao ilimtikisa mtu mifupa, na homa yake ikapoa upesi. Iliyoifuata ilikuwa baiskeli ya gurudumu kubwa, kazi ya mafundi wa Coventry, Uingereza, wakiongozwa na James Starley. Albert Pope, mfanyabiashara wa Boston, aliziona katika maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, akaagiza chache, na mwaka 1878 akaanza kuzitengeneza katika kiwanda cha cherehani mjini Hartford. Kila moja ilimgharimu mnunuzi takriban dola 90, mshahara wa miezi kadhaa wa kibarua. Mpandaji alikaa juu ya gurudumu lenye kimo cha kifua cha mtu, na jiwe dogo tu liliweza kumrusha kichwa mbele. Mashine hii ndiyo iliyozaa safari ya baiskeli kama starehe ya pamoja. Klabu ya baiskeli ya Boston iliundwa Februari 1878, na mwezi Agosti mwaka huohuo Waingereza wakaunda chama chao cha watalii wa baiskeli mjini Harrogate. Septemba 1879 klabu ya Boston iliandaa safari ya siku mbili kuzunguka vitongoji vya mji huo hadi Sharon na kurudi, na jarida la *Scribner's Monthly* likaisimulia mapema mwaka uliofuata kwa michoro mizuri. Hapa ndipo ninapoona mwanzo wa desturi tunayoizungumzia: wanaume wenye sare, mashine za gharama, chakula kwenye nyumba za wageni, na maneno mengi juu ya mandhari.

Kwa nini Septemba, wala si Aprili? Jibu limo katika udongo. Barabara za New England zilikuwa za udongo mtupu, na theluji inapoyeyuka mwezi Machi na Aprili ziligeuka tope la kuzamisha magurudumu ya magari ya farasi hadi ekseli. Kiangazi zilitoa vumbi. Baada ya joto la Agosti kupita, uso wake ulikuwa umeshindiliwa na magari ya mavuno, hewa imekauka, na nzi wamekufa. Mapukutiko yalipendwa na magurudumu kabla ya kupendwa na macho. Wakazi wa Vermont hadi leo huhesabu tope kuwa majira yao ya tano, na zaidi ya nusu ya barabara za umma za jimbo hilo bado hazina lami.

Chama cha waendesha baiskeli wa Marekani, kilichoundwa Newport, Rhode Island, mwishoni mwa Mei 1880, kiliigeuza kero hiyo kuwa siasa. Kikiwa na fedha za Pope nyuma yake, kilichapisha vijitabu na kuwasumbua wabunge, na mwaka 1892 kikaanzisha jarida la *Good Roads*. Wakulima walipinga kwanza: kwa nini watozwe kodi ili mabwana wa mjini wateleze vizuri? Hoja iliyowageuza ilikuwa ya mizigo, kwamba farasi mmoja kwenye barabara nzuri huvuta kazi ya wawili. Mwaka 1893 Massachusetts ilipata tume ya barabara, na serikali kuu ikafungua ofisi ya kuchunguza barabara. Wakati huohuo baiskeli yenyewe ilibadilika. John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo. Mtu hakuhitaji tena ujasiri wa sarakasi. Bei ilishuka, wanawake wakapanda, sketi zikafupishwa, na kufikia mwaka 1898 chama kile kilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000.

Uwazi huo ulikuwa na mlango wa rangi. Februari 1894, mkutanoni Louisville, Kentucky, chama kilipiga kura kwamba wanachama wake wawe Weupe peke yao. Kittie Knox, mshonaji kijana wa Boston mwenye baba Mweusi na mama Mweupe, ambaye alikwisha kuwa mwanachama, alikwenda kwenye mkutano wa Asbury Park mwaka 1895 akiwa na kadi yake na vazi alilojishonea, na magazeti yakabishana juu yake kwa majuma. Marshall Taylor, Mwafrika Mmarekani aliyehamia Worcester, Massachusetts, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli mjini Montreal mwaka 1899, na bado hoteli zilimnyima chumba. Kanuni ile ilifutwa rasmi mwaka 1999. Kwa karne nzima, basi, picha ya mwendesha baiskeli chini ya maple ilikuwa na rangi moja kwa amri ya maandishi.

Na tairi la upepo lilikuwa na gharama iliyolipwa mbali zaidi. Mpira mwingi wa viwanda vya Marekani ulitoka Amazon, lakini njaa ya dunia nzima ya tairi ilipandisha bei, na bei hiyo ndiyo iliyoigeuza Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili kutoka mradi wa hasara kuwa machimbo ya dhahabu. Kuanzia miaka ya 1890 vijiji vya misitu ya ikweta vilitozwa mpira wa porini kwa bunduki. Wake walishikwa mateka hadi waume walete vikapu vilivyojaa. Askari walidaiwa mkono uliokatwa kwa kila risasi iliyotumika. Ripoti ya konseli wa Uingereza Roger Casement ya mwaka 1904 na kampeni ya mwandishi E. D. Morel ziliufanya ulimwengu usikie, na mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuikabidhi Kongo kwa nchi ya Ubelgiji. Muongo wa dhahabu wa baiskeli na muongo wa mikono iliyokatwa ni muongo mmoja.

Kisha, kwa ghafla inayoshangaza, baiskeli ikaachwa. Barabara zilizopiganiwa na waendesha baiskeli zilikuwa tayari kumpokea Henry Ford, ambaye gari lake la Model T lilitoka mwaka 1908. Nchini Marekani baiskeli ikawa kitu cha mtoto, zawadi ya Krismasi, na ikabaki hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Afrika Mashariki na Kongo zilikuwa zinaelekea upande wa pili: huko baiskeli ya Kiingereza ilikuwa inapanda cheo, ikiwabeba makarani, makatekista, walimu na magunia ya kahawa. Kilichokuwa kimeshuka kuwa mchezo Boston kilikuwa mtaji Bukoba.

Ulaya ya kusini ilishika njia yake. Novemba 1905 Giovanni Gerbi alishinda mbio za kwanza za Lombardia, zilizoanzia na kuishia Milano. Mashindano hayo yaliendelea kufunga kalenda ya kila mwaka, na Waitaliano wakayaita mbio za majani makavu. Fausto Coppi aliyashinda mara 5, mara 4 kati ya hizo mfululizo kuanzia 1946 hadi 1949. Juu ya mlima wa Ghisallo, ambao mbio hizo huupanda, kipo kikanisa cha Bikira Maria, na Oktoba 1949 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimtangaza Bikira wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Mtu aliyezoea kuona dini na michezo vikitengana na ajionee kuta za kikanisa hicho zilivyojaa fulana na baiskeli za mabingwa.

Huko New England, wakati huo, msitu ulikuwa ukifanya kazi yake bila mashahidi. Misonobari iliyoota kwenye malisho yaliyoachwa ilifikia kimo cha kukatwa mwishoni mwa karne ya 19, ikakatwa kwa wingi kutengeneza masanduku na mapipa. Chini yake ilikuwa imekwisha kuota miche ya maple na mialoni iliyovumilia kivuli, nayo sasa ikapata jua. Hivyo wekundu unaotazamwa leo ni kizazi cha pili cha msitu uliorudi. Sheria ya Weeks ya mwaka 1911 iliiruhusu serikali kuu kununua ardhi ya misitu mashariki, na msitu wa kitaifa wa White Mountain ukaundwa mwaka 1918, ule wa Green Mountain mwaka 1932. Tarehe 21 Septemba 1938 kimbunga kikuu kiliangusha maeneo makubwa ya miti, misonobari mirefu ikaumia kuliko yote, na nafasi ikafunguka tena kwa miti ya majani mapana. Watazamaji wa rangi waliongezeka, ila walikuja kwa treni na gari.

Mageuzi ya miaka ya 1960 na 1970 yalikuja kwa pamoja, na hapa ndipo sheria ilipofanya kazi ambayo wapenda mandhari husahau kuitolea shukrani. Mwaka 1968 Vermont ilipiga marufuku mabango ya matangazo barabarani. Mwaka 1970 ikapitisha sheria ya kudhibiti ujenzi mkubwa, kwa sababu barabara kuu mpya zilikuwa zimeleta wanunuzi wa viwanja kutoka New York na Boston. Bila maamuzi hayo mawili, sidhani kama mtu angepata sababu ya kwenda Vermont kwa baiskeli. Watu wazima nao walirudi kwenye tandiko: baiskeli nyepesi zenye gia 10 zilienea, hofu ya uchafuzi wa hewa ikakua, na Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao, mauzo ya Marekani yalikuwa tayari yamefikia takriban baiskeli milioni 15 kwa mwaka. Kampuni za kwanza za kuongoza watalii kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine zilianzishwa Vermont katika miaka hiyo, na wenye nyumba hizo, waliokuwa wakitegemea wateleza kwenye theluji, waligundua kwamba Oktoba inaweza kulipa kuliko Februari.

Reli ndizo zilizobaki kuokotwa. Mtandao wa reli wa Marekani ulifikia kilele chake mwaka 1916, kilomita zaidi ya 400,000, kisha malori yakaanza kuula. Mwaka 1967 jimbo la Wisconsin lilifungua njia ya baiskeli ya kilomita 51 kati ya Elroy na Sparta, pamoja na mahandaki yake matatu, juu ya tuta la reli iliyong'olewa. Mwaka 1983 bunge la Marekani likaruhusu njia za reli zisizotumika zihifadhiwe kama njia za watu hadi siku ambapo treni zingehitajika tena. Tuta la reli ni baraka kwa mwendesha baiskeli asiye na mapafu ya mwanamichezo, kwa kuwa treni haipandi mlima mkali: mhandisi wa karne ya 19 alikwisha kuchonga miamba na kujaza mabonde kwa ajili yake. Njia ya Minuteman, iliyofunguliwa mwaka 1992 kutoka Bedford hadi mpaka wa Cambridge, inafuata reli ya Lexington ya mwaka 1846. Ile ya Lamoille, kaskazini mwa Vermont, ina kilomita 150 kutoka St. Johnsbury hadi Swanton, juu ya reli iliyokamilika mwaka 1877 na kunyamazishwa na mafuriko ya miaka ya 1990.

Tangu hapo hamu ya barabara mbovu imekuwa kubwa kuliko ya nzuri, jambo ambalo lingemtia Albert Pope kichaa. Oktoba 1997, Gaiole in Chianti, Italia, watu 92 walipanda baiskeli za zamani kwenye barabara nyeupe za changarawe ili kupinga zisiwekwe lami. Safari hiyo, iitwayo L'Eroica, leo huvutia maelfu kila Oktoba. Matairi mapana ya changarawe yaliyoenea katika muongo wa 2010 yamezipa barabara za udongo za Vermont thamani mpya, na mota za umeme zimewapandisha vilimani watu wenye umri wa miaka 70.

Maji hayajaacha kudai chake. Kimbunga Irene kilizibomoa barabara nyingi za Vermont Agosti 2011, na Julai 2023, mara tu njia ya Lamoille ilipokamilika, mafuriko yaliikata vipande. Joto nalo limesogeza msimu. Katika maeneo mengi ya New England majani huchelewa kugeuka kuliko yalivyokuwa wakati wa wazee. Msimu huo wa 2023 wenyewe, kijiji cha Pomfret, jirani na Woodstock alikozaliwa Marsh, kilielemewa na watu waliofuata picha za mitandaoni. Kijiji hicho leo kina wakazi wachache kuliko katika zama za kondoo. Kuanzia 23 Septemba hadi 15 Oktoba baraza lake liliweka vizuizi katika barabara ya Cloudland, likawaachia wenyeji peke yao.